Kitambaa cha Kilio Mkononi mwa Kanali

“Inua mkono.”

“Nimeinua.”

“Ule mwingine, papa. Au kule kwenu Baraka, Kongo, mtu anazaliwa na mmoja?”

Ezéchiel akainua mkono wa kulia. Clémentine akapita chini ya kwapa lake na pini mdomoni, futi ikimning’inia shingoni, akibana huku na kulegeza kule. Koti lenyewe lilikuwa la buluu, vifungo vya njano, mabegani limeshonwa nyuzi za dhahabu. Lilikuwa koti la Kanali Tarbot, Mmarekani wa enzi za farasi, ambaye maisha yake yalikuwa yanafanyiwa mazoezi katika ukumbi wa maigizo pale Newtown, Johannesburg. Aliyepewa kuyaigiza ni kijana anaitwa Chris, lakini Chris hakuwahi kufika mapema siku za kupimwa. Clémentine, fundi wa nguo, akagundua kwamba mlinzi wa mlangoni ana mabega yale yale. Tangu hapo kanali akawa anashonewa juu ya mwili wa Ezéchiel.

“Huyu mtu alikuwa na mabega kweli,” Clémentine akasema kwa pembe ya mdomo.

“Ukibeba mashamba ya watu lazima yapanuke.”

Clémentine akacheka, pini ikamdondoka. Ezéchiel alikuwa anaishi kwa kicheko kile, ingawa hakuwa amemwambia.

Maisha ya kanali aliyajua kuliko waigizaji wenyewe, maana kila siku alisimama mlangoni akisikiliza. Mtoto wa maskini. Serikali ikampa farasi na bunduki, ikamtuma mpakani kule magharibi ambako ramani ilisema hakuna mtu. Akawakuta watu, akawafukuza, akapandishwa cheo. Alipochoka upanga akaingia bungeni, akatunga sheria kwamba ardhi ile ni yake, na wilaya nzima ikapewa jina lake. Mkewe, Martha, alibaki ng’ambo ya mto katika nyumba ya magogo, akingoja daraja ambalo mumewe aliwaahidi wapiga kura. Siku mto ulipofura, Martha akiwa mgonjwa, hakukuwa na daraja. Habari ya kifo ikamkuta kanali bungeni. Akafungwa kitambaa cheusi mkononi, akameza mate, akaendelea na hotuba. Hotuba yenyewe ilihusu daraja.

“Mwongozaji anasema huyu ni shujaa mwenye kasoro,” Clémentine akasema.

“Mwongozaji amesoma. Sisi kwetu tunamjua kwa jina lingine. Mheshimiwa wetu naye alikuja na magwanda akarudi na suti. Aliweka jiwe la msingi la daraja, akapigwa picha. Mimi nilikuwa mbebaji wa mawe pale. Jiwe bado liko, mbuzi wanalala juu yake.”

Clémentine akainama kuiokota pini iliyodondoka. Alijua Ezéchiel alifiwa na mke kwao, miaka mingi iliyopita, na alijua kwamba yakifika mambo ya mto wa daraja lile sauti yake hukauka. Akapiga pini ya mwisho.

“Jumapili unakuja kwetu Yeoville?” akauliza bila kumtazama. “Wajomba wangu wameuliza tena posa iko wapi. Mimi nimechoka kuwaambia bado.”

“Nitakwambia.”

“Kila siku ni ‘nitakwambia’. Papa Ezéchiel, mimi si binti wa kusimamishwa barabarani kama taxi. Nina miaka yangu.”

“Wiki hii, mama. Wiki hii nitakwambia kweli.”

Akaenda nyuma ya pazia kuvua koti. Hakuwahi kulivua mbele yake hata mara moja, na Clémentine alidhani ni aibu ya mtu wa kanisa. Mlangoni Mussa, mlinzi mwenzake, mtu wa Tanga, akawa anaita kwamba gari la mbao limefika na yeye hana mikono minne. Ezéchiel akalichomoa koti haraka, akatia shati lake la kazi na jaketi, akakimbia.

Sababu ya pazia ilikuwa hii. Juu ya kiwiko, chini ya nguo, Ezéchiel alikuwa amefunga kitambaa cheusi cha kilio. Mkewe, Falonne, alifariki akipelekwa kujifungua, gari likiwa limezuiwa na mto uliofura; yeye Ezéchiel alikuwa tayari Johannesburg akitafuta maisha. Hakuzika, hata kaburi hakuliona. Dada mkubwa wa marehemu, Victoire, alikata ukanda kutoka kitenge cha mdogo wake, kile cha samaki, akauchemsha na rangi nyeusi na kumtumia kwa mkono wa mfanyabiashara. Rangi haikushika vizuri. Ukiusogeza kwenye taa, samaki walionekana bado, wamejipanga kama wako majini. Usiku mwingine katika chumba chake cha Hillbrow, majirani wakigombana ukutani kwa lugha asizozijua, Ezéchiel aliunyanyua mkono kwenye balbu akawatazama.

Kwao kitambaa kile mwanamume hakivui mwenyewe. Anavuliwa na ndugu wa marehemu, kwa mkasi wao, na siku hiyo ndipo anakuwa tena mtu wa kuoa. Akikivua mwenyewe amemfukuza marehemu. Wakwe hawamwamkii tena, na mwanamke atakayemwoa ataitwa mwizi wa kilio hadi uzeeni. Miaka yote hiyo Ezéchiel hakuwa na mtu wa kumvua, mpaka Victoire alipohamia Durban kuuza nguo. Alimpigia, Victoire akakata. Alipiga tena, akakata tena. Mwezi huu ndipo alipojibu kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga: “Jumamosi nitapanda basi. Nitakata, nitarudi.”

Kwa hiyo Jumapili angekwenda Yeoville akiwa mtu huru. Alitaka amwambie Clémentine baada ya kukatwa, si kabla. Mwanamume hamwahidi mtu kitu huku mkono wake bado uko kwa mwingine.

Jioni ile akashuka taxi Hillbrow, akapanda ngazi kwa miguu kwa sababu lifti ya jengo lile ilikufa zamani na mwenye jengo anaishi mbali ambako hawapandi ngazi. Akafungua bomba, akavua shati anawe.

Mkono ulikuwa mtupu.

Akatikisa shati. Akageuza jaketi nje ndani. Akashuka ngazi zote akiinama kila hatua, akatembea hadi kwenye robot, zile taa za barabarani aliposhukia, akawauliza wauza ndizi, akawauliza vijana wa kona, wakamcheka.

“Baba, kitambaa cheusi? Hillbrow hii? Eish. Nenda dukani.”

Mkono ulikuwa umekonda na fundo limelegea. Alijua, alikuwa akisema atalikaza. Aliporudi chumbani akampigia Mussa.

“Kimepotea.”

“Kipi?”

“Cha Falonne.”

Mussa alikuwa mtu pekee aliyeijua siri ile.

“Sasa sikiliza, ndugu yangu. Kitambaa cheusi ni kitambaa cheusi. Nikuletee kesho, tukichafue kidogo na vumbi, tukifue, kizeeke. Mama yule atajuaje?”

“Alikikata mwenyewe.”

“Wallahi hata mimi nikikata kitu leo, mwakani sikijui.”

“Mussa, hebu fikiri. Nimdanganye Victoire, sawa. Na yule aliye chini ya udongo nimdanganye pia?”

“Basi mwambie Clémentine.”

“Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa nimevaa mke mwingine wakati ananipima?”

Simu ikakatwa. Ezéchiel akakaa kitandani, akaandika ujumbe kwa kidole kimoja.

*“Mama Clémentine mambo ya Jumapili tuyaache kwanza. Usiniulize sababu.”*

Jibu likaja upesi.

*“Sikuulizi. Mimi si mtoto.”*

Kisha lingine.

*“Ni mwanamke?”*

Akaandika ndiyo, akafuta. Akaandika hapana, akaona ni uongo, akafuta. Mwisho akatuma: *“Ni mambo ya nyumbani.”*

*“Mambo ya nyumbani njo jina la mwanamke. Sawa.”*

Ijumaa akaomba abadilishane lindo na Mussa, akasimama geti la nje kwenye baridi ya Juni ili asimwone. Akamwona hata hivyo. Clémentine alishuka kwenye gari akiwa na koti la kanali ndani ya mfuko mrefu wa nguo, amelibeba mikononi kama mtoto aliyelala. Akapita.

“Mama Clémentine.”

“Mlinzi.”

Basi. Neno hilo tu. Ezéchiel aliwahi kuitwa mengi na wakubwa wa kazi, lakini hakuwahi kuitwa mlinzi na kuumia.

Jumamosi onyesho la kwanza lilikuwa la mchana. Magari yalishuka kutoka Sandton, kwa matajiri, watu wakaingia wamejifunga skafu, wakimpita Ezéchiel mlangoni kama nguzo. Mtu mmoja alimkabidhi kikombe kitupu bila kumtazama usoni. Nyuma yao ndipo alipotokea mwanamke mnene mwenye kilemba na mkoba mkubwa, ametoka moja kwa moja kwenye mabasi ya Park Station, anatembea kama mtu anayekwenda kulipiza.

“Shemeji,” Victoire akasema.

“Yaya,” Ezéchiel akamwita, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. “Karibu. Safari?”

“Safari ni safari. Umekonda. Wapi pa kukaa tumalize? Mkasi ninao.”

Ezéchiel alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha. Yote yakamtoka.

“Yaya, kitambaa kimepotea.”

Victoire akamtazama mkono, akamtazama uso, akarudi mkononi.

“Kimepotea au umekitupa?”

“Kimepotea. Alhamisi. Nimetafuta hadi kwenye majalala.”

“Miaka yote hakikupotea. Kimepotea wiki ya kuja mimi.” Sauti yake haikupanda. “Kuna mwanamke?”

“Yuko. Sikukuficha, nilikwambia kwenye simu.”

“Ulinambia. Na mimi nikasema sawa, Falonne asingetaka uozee peke yako. Nikanunua tiketi. Sasa nimekuja kukata nini, shemeji? Nikate hewa?”

“Yaya, naapa…”

“Usiape. Waheshimiwa pia waliapa.” Akageuza mkoba begani. “Basi la kurudi ni la jioni. Nitangoja kituoni.”

Mussa, ambaye masikio yake hayana mlango, akajitokeza.

“Mama, shikamoo. Nje kuna baridi mbaya. Ingia ukae kiti cha nyuma, bure, uone Wamarekani wanavyodanganyana. Saa ya basi ikifika nitakusindikiza mwenyewe.”

Labda ni miguu iliyochoka. Victoire akaingia, akakaa safu ya mwisho na mkoba mapajani. Ezéchiel akabaki kusimama kwenye mlango wa ndani, ndilo lindo lake. Ng’ambo ya ukumbi, kwenye pazia la pembeni, aliuona mkono wa Clémentine ukishika kitambaa cha pazia, umevaa kimto cha pini kwenye kifundo cha mkono. Uso hakuuona.

Kanali akapanda farasi wake wa mbao. Kanali akateka mto. Watu wakacheka pale pa kucheka.

“Mmarekani mweusi kuliko mimi,” Mussa akanong’ona.

“Nyamaza.”

Ikafika sehemu ya tatu. Bunge, meza ndefu, taa kali nyeupe juu ya kanali peke yake. Tarishi akaingia na habari ya Martha. Mtu mmoja akamvalisha kanali koti, kitambaa cheusi tayari kimeshonwa mkononi. Chris akameza mate vizuri kabisa, akageukia wabunge, akaanza kuwaeleza habari za daraja. Ezéchiel alikuwa akiichukia sehemu hii. Akainamisha macho kama kawaida yake.

Victoire akasimama.

“Samaki,” akasema.

Mussa akamshika kiwiko. “Mama, keti, watu wanaona.”

“Samaki wa Falonne wako mkononi mwa yule mtu.”

Vichwa vikageuka. Ezéchiel akainua macho. Pale juu, chini ya taa ile ambayo Hillbrow nzima haina mfano wake, weusi ulikuwa umekuwa mwembamba kama moshi, na samaki walikuwa wakiogelea kuzunguka mkono wa kanali, kila anaponyoosha kidole kuahidi daraja.

Chris ni mtoto wa mama wa Kalemie, Kongo. Kiswahili chote anakisikia, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kizulu. Akautazama mkono wake mwenyewe. Sentensi ikamkatikia katikati. Alisimama vile kitambo, uso umemshuka, na ukumbi ukanyamaza kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kanali anaonekana kama mtu aliyefiwa. Halafu akaokota maneno, akaendelea.

Victoire alikaa hadi mwisho. Watu walipopiga makofi yeye hakupiga. Aliinuka, akashuka ngazi, akapita jukwaani kama mwenye nyumba, Ezéchiel na Mussa nyuma yake, hadi kwenye chumba cha cherehani.

Clémentine alikuwa anapokea koti kutoka kwa Chris.

“Nani ameshona hiki?” Victoire akauliza.

“Ni mimi, mama.”

“Nani alikupa?”

“Nilikikuta ndani ya mkono wa koti.” Clémentine akamwona Ezéchiel mlangoni, akakaza shingo. “Mwongozaji aliniletea kitambaa kipya cha kilio, kinang’aa kama sahani. Nilimwambia hiki si cha mtu mwenye huzuni. Kesho yake nikakuta hiki mkononi. Nikajua wamenisikia, wamenitafutia cha zamani.”

“Ukakishona hivyo hivyo?”

“Hapana. Nilikifua kwanza kwa mkono. Kilikuwa na jasho la mtu. Nikaona ni kitu ambacho…” Akasita. “Sijui. Sikutaka kukipitisha kwenye mashine.”

Victoire akavuta pumzi ndefu.

“Kukifua ni kazi yetu sisi ndugu. Hujui?”

“Kwetu Lubumbashi hatufungi vitambaa, mama. Ni cha nani?”

Mussa akamtazama Ezéchiel kwa macho ya ‘sema sasa’.

“Ni changu,” Ezéchiel akasema. “Ni kilio cha Falonne. Huyu ni yaya yake, amekuja leo kunivua ili Jumapili nije kwa wajomba zako na mkono mweupe. Alhamisi nilipokipoteza nikaona sina uso wa kuja. Hakuna mwanamke mwingine, mama Clémentine. Alikuwa yeye tu, na yeye yuko chini.”

Clémentine akalitazama koti mikononi mwake. Akaligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mishono, midogo, iliyobanana, mishono ya mtu aliyekuwa na hasira na amechagua kuwa makini.

“Ukasema mambo ya nyumbani,” akasema.

“Ndiyo.”

“Mjinga wewe.”

“Ndiyo.”

Victoire akaweka mkoba mezani, akatoa mkasi. Akauangalia kitambo.

“Nikikikata hapa mezani nimemvua kilio Mmarekani,” akasema. “Shemeji, vaa koti.”

“Yaya, ni koti la yule…”

“Nimeona ni la nani. Naona pia limekatwa kwa mabega ya nani. Vaa.”

Ezéchiel akavaa. Likamkaa kama ngozi. Victoire akamsimamisha chini ya balbu, akamwambia Clémentine, “Wewe shika mkono wa koti, uunyooshe, nisimtoboe.” Clémentine akashika. Victoire akaanza kukata uzi mmoja mmoja, taratibu, na katikati ya kukata akasema bila kuinua kichwa:

“Mimi nilikuwa ndani ya ile gari.”

Akakata uzi mwingine.

“Tulikaa ukingoni tukingoja maji yapungue. Ungelisikia lile jiwe la mheshimiwa, maji yalikuwa yanalipiga kama ngoma. Hujawahi kuniuliza.”

“Ulikuwa unakata simu, yaya.”

“Nilikuwa nakata kwa sababu ungeniuliza.” Mkasi ukasimama. “Hakulia. Usidhani alikuwa analia. Uchungu ulipopoa kidogo aliniuliza, yaya, huko Johannesburg kwa Ezéchiel mwezi huu kuna baridi? Nikasema sijui. Akasema, kuna baridi, na hana sweta. Halafu hakusema tena.”

Ezéchiel alikuwa amesimama na vifungo vya njano kifuani, mkono umenyooshwa, hawezi kuushusha kwa sababu wanawake wawili wameushika. Ndivyo alivyolia, amenyoosha mkono. Mussa akatoka nje akafunga mlango, akasimama mbele yake, na mwongozaji alipokuja kuuliza yule mama aliyesimama katikati ya bunge ni nani, Mussa akamwambia ni mbunge.

Uzi wa mwisho ukakatika. Victoire akakikunja kitambaa, samaki ndani, akakitia mkobani.

“Hiki nakipeleka kaburini mwenyewe. Siku moja uje ulione.” Akamgeukia Clémentine, akamtazama toka juu hadi chini kama anayepima bila futi. “Na wewe ulikifua vizuri.”

“Asante, yaya,” Clémentine akasema. Neno lile lilimtoka kabla hajaliomba, na Victoire hakulirudisha.

Onyesho la pili lilikuwa jioni hiyo hiyo. Kanali alifungwa kile kitambaa kipya kinachong’aa kama sahani, akaahidi daraja kwa sauti safi, hakusita hata kidogo, na waheshimiwa wa viti vya mbele wakampigia makofi sana. Ezéchiel alikuwa mlangoni. Juu ya kiwiko ngozi yake ilikuwa na alama ya ukanda, laini, haijaona jua miaka yote, na upepo ulikuwa ukipenya hadi pale kupitia shati. Victoire alikuwa tayari barabarani kuelekea Durban. Simu ikatetemeka mfukoni.

*“Wajomba wanakungoja kesho baada ya ibada. Pitia chumba cha cherehani ukitoka, kuna sweta kwenye kiti. Nililishona kwa mabega ya kanali.”*